Samaki wa Mapambo Katika Nyumba ya Walaji Samaki

Mji wa Mwanza, ambao nusu yake imepanda juu ya majabali na nusu imekaa chini ya majabali, nao umelikumbatia Ziwa Victoria kiasi cha kwamba mtu akiteleza kilimani hana budi kukomea majini, unamjua samaki katika hali tatu: mbichi, aliyeshushwa alfajiri pale Mwaloni, Kirumba, aliyekaangwa, hata akiwa panki lisilobakiwa na kitu ila kichwa, mifupa na mkia, na mkavu, awe dagaa aliyeanikwa juani au kayabo aliyekolezwa chumvi ili astahimili safari ya kwenda Kongo. Hali ya nne, ya samaki kuwekwa sebuleni ndani ya kioo aliwe kwa macho peke yake, haimo katika mila zetu, na mwenye kuizua hana budi kuandaa majibu. Swali la kwanza la kila mgeni aliyetia mguu nyumbani kwetu Isamilo tangu siku tangi lilipowekwa ni "Mtamla lini?", na la pili, aliulizalo mgeni yule yule akishaambiwa kwamba haliwi, ni "Kwani ana ugonjwa gani?"

Tangi lenyewe, lenye kuchukua lita 200, hatukulinunua. Mwanyumba wangu, alipopata uhamisho wa kwenda Dodoma, alipima gharama za lori, akaona kwamba makochi yana haki ya kusafiri na tangi halina, akatuachia amana hiyo pamoja na mawe yake, pampu yake ya hewa, na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kichina. Lita 200 za maji ni kilo 200, mbali na kioo na mawe, na samani pekee nyumbani mwetu iliyoweza kustahimili mzigo huo ilikuwa meza ya kulia, iliyochongwa kwa mninga na fundi asiyejua ubahili wa mbao. Basi tangi likapata meza, nasi tukapata mkeka. Shangazi yangu, aliyekuja kutoka Ukerewe kutibiwa macho hospitali ya Bugando, akapona, akasahau kurudi, aliyatazama mageuzi hayo kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba tangu azaliwe hajapata kuona watu wakila chini ili kitoweo kikae mezani.

Likabaki suala la wakazi. Wapo mjini vijana wauzao samaki wa mapambo, waletwao kutoka mbali ndani ya mifuko iliyovimbishwa kwa hewa, na mmoja wao, ambaye duka lake nalisitiri, alikuwa amejaaliwa ulimi ambao laiti angeupeleka bungeni nchi ingelimfahamu. Kila samaki tuliyemnyooshea kidole alikuwa, kwa kauli yake, mpole. Samaki wa dhahabu mpole, gapi mpole, neoni, yule mdogo mwenye ufito wa buluu ing'aayo ubavuni, mpole mno, na oska mchanga, mwenye urefu wa kidole gumba na macho ya mtu anayepiga hesabu, huyo ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote. Mama watoto, ambaye ni muuguzi kwa kazi na mpelelezi kwa hulka, akauliza maswali mawili ambayo yangalitosha kuwa mwanzo na mwisho wa mashauri yote ya namna hiyo: kila mmoja wao kwao ni wapi, na akishakua atakuwa na kinywa cha kiasi gani.

"Wote kwao ni majini, mama," akajibu yule kijana, "na chakula chao ni hiki hapa cha pakiti." Kisha akatuuzia na kipasha maji, kwa ajili ya baridi ya Mwanza.

Kwao ni majini, ndiyo, lakini maji si mamoja. Samaki wa dhahabu ni uzao wa samaki wa China waliofugwa tangu miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, naye hustarehe katika maji ya nyuzi 20 hivi, ilhali neoni ni mzaliwa wa vijito vya bonde la Amazoni, ambako maji ni laini, vuguvugu, na yana uchachu wa majani yaliyooza. Gapi, ambaye maskani yake ni Trinidad na nchi za kaskazini ya Amerika ya Kusini, yeye ataka maji magumu yenye madini ya mawe. Ukiwatia wote hawa katika chombo kimoja, hapana joto wala maji yatakayowaridhisha, na asiyedhoofika kwa hili atadhoofika kwa lile, na asiyedhoofika kabisa ataliwa na oska. Maji ya bomba, tulijua kuyalaza siku nzima katika ndoo wazi ili klorini, ambayo ni rafiki wa matumbo yetu na adui wa matamvua ya samaki, iondoke. Lakini ndoo haiwezi kuigeuza Isamilo ikawa Amazoni, na neoni walitangulia mbele ya haki mmoja mmoja, kwa adabu, bila ya kumsumbua mtu.

Gapi nao walikuwa wakipungua, ila wao hawakuacha maiti. Tuhuma ilimwangukia paka wa jirani, ambaye alikuwa na rekodi mbaya katika mtaa mzima, akarushiwa kandambili, akatangazwa kwa balozi wa nyumba kumi, na uhusiano wa nyumba mbili zilizoazimana chumvi miaka nenda miaka rudi ukaingia dosari. Hata jioni moja mama watoto akamkuta oska ametulia pembeni ya tangi, mkia wa gapi ungali ukitikisika kando ya mdomo wake, na usoni mwake mna upole ule ule tulioahidiwa. Radhi ya jirani ilipatikana kwa sahani ya sato wa nazi. Radhi ya paka, kwa kichwa cha sato huyo huyo.

Vitabu vya ufugaji huizunguka kanuni hii kwa istilahi nyingi, lakini ni fupi: samaki hana uadui wala urafiki, ana kipimo, kiingiacho kinywani mwake ni chakula, na kisichoingia ni jirani. Oska hukua akapita sentimita 30. Kwa hiyo swali la nani akae na nani si swali la tabia njema, bali ni swali la hesabu, nalo halina budi kupigwa kwa ukubwa ambao samaki ataufikia, si kwa ule alio nao akiwa mfukoni.

Habari zikamfikia mjomba wangu, mvuvi wa dagaa huko Igombe, ambaye alipanda mlima kuja kuhakikisha kwa macho yake.

"Mpwa wangu," akasema, "ni kweli umenunua samaki Mwanza?"

"Ni kweli, Mjomba."

"Kwa fedha?"

Nikanyamaza. Akanyamaza naye, kwa namna wazee wanyamazavyo msibani. Jumapili iliyofuata akarudi na ndoo mbili, akazitua sebuleni kwa fahari, akatangaza kwamba samaki wa ziwa wamezaliwa pamoja, wamekua pamoja, na hapana shaka watajua kukaa pamoja. Ndani yake walikuwamo furu wa rangi rangi, sato wachanga, gogogo mmoja, kambale mmoja mwenye masharubu ya heshima, na samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye Mjomba alimpita haraka katika utambulisho. Alikuwa sangara. Sheria inakataza kumvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na huyu hakufika hata kumi na tano. Lakini Mjomba alieleza kwamba hakumvua, ila yule mtoto alijiingiza mwenyewe kwenye wavu wa dagaa kwa kufuata taa, na kumtupa yatima ziwani usiku ni dhambi.

Sato walianza kwa bidii. Sato ni mjenzi. Hufukua mchanga kwa kinywa na kuchimba mashimo ya kuzalia, na katika kufanya hivyo waliyang'oa majani yote ya tangi, wakayala yaliyo hai na kuyatema ya plastiki. Shangazi akawatetea kwa nguvu zote, akisema kwamba sato ndiye samaki wa mababu na nyumba hii ni yake kabla ya kuwa yetu. Ikanibidi nimkumbushe, kwa taadhima, kwamba sato alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na kwamba samaki wa mababu, ngege na mbiru, ndio waliosukumwa na huyo mgeni. Shangazi, ambaye utotoni alilelewa kwa ngege, akakaa kimya, kisha akasema ngege alikuwa mtamu zaidi, na kwamba uzee wa sato nao umeshatimia, kwa hiyo apewe haki zake. Haki alizokusudia zilikuwa za kikaangoni, na kwa kuwa lita 200 hazikuwatosha, walizipata kadiri walivyokua.

Gogogo alikuwa mtu wa usiku. Mchana hujibanza chini ya jiwe, na giza likiingia hutoka akanusanusa mchanga, tena akikasirika hutoa sauti ya mkwaruzo isikikayo hata nje ya kioo. Ana miiba mitatu yenye meno, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ambayo akishikwa huisimika isikunjike. Kijana wetu wa mwisho, akitaka kumtazama kwa karibu, alimzoa kwa pindo la chandarua, miiba ikanasa, na baada ya mashauri marefu ya familia kikakatwa chandarua ili apone samaki. Mbu waliingia usiku ule kwa idadi isiyo na kifani.

Ama kambale, yeye ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kimwezeshacho kuvuta hewa ya juu, na mvua zikinyesha hutoka majini akajikokota nchi kavu kutafuta bwawa jingine. Haya yote nilikuwa nimeyafundisha darasani kwa miaka mingi. Usiku wa mvua kubwa ya Novemba alikisukuma kifuniko, akateremka mezani, akashika njia. Shangazi, aliyeamka kunywa maji, alimkanyaga katikati ya ukumbi penye giza, akalikemea pepo hilo kwa sauti iliyoamsha mtaa hadi kwa mwenye paka, na taa zilipowashwa tukamkuta yeye yuko juu ya kochi, rozari mkononi, na kambale yuko sakafuni, amegeuzia kichwa upande wa jikoni. Shangazi alitoa hoja kwamba mnyama aliyeelekea jikoni kwa hiari yake mwenyewe si vyema kumrudisha nyuma. Hoja hiyo haikupingwa.

Yule wa fedha, ambaye macho yake hung'aa gizani kwa duara la manjano, alikuwa bado hajaanza kazi. Alipoianza, hakuwa na haraka wala papara. Alijisogeza taratibu nyuma ya furu mdogo, akafungua kinywa, na furu akawa hayupo, pasipo mnyakuo wala mtibuko, hata mtazamaji akajiuliza iwapo furu yule alipata kuwako. Kwa kuwa nilisomesha na historia pia, nilishindwa kuyatazama hayo bila ya kufikiri juu ya mwaka 1954, ambapo upande wa Uganda maofisa wa serikali ya kikoloni walimtia sangara ziwani ilhali wataalamu wengine wakihadharisha, na juu ya mwaka 1962 na 1963, alipoongezwa tena kwa uwazi. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ziwa limejaa furu, vijisamaki vyenye mifupa mingi visivyo na bei, basi na aletwe mkubwa avigeuze kuwa minofu. Katika miaka ya 1970 furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio upande wa chini wa ziwa. Kufika katikati ya miaka ya 1980, humu humu katika Ghuba ya Mwanza, nyavu za watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wameweka kambi hapa tangu mwisho wa miaka ya 1970, zilitoka na sangara tele, na furu wa kuhesabu. Na katika aina 500 na zaidi za furu, zipatazo 200 zikadhaniwa kuwa zimetoweka. Sangara naye asidhulumiwe: viwanda vya minofu, biashara ya mapanki, mabondo yasafirishwayo hadi China, na karo za wanafunzi wengi waliokaa mbele yangu, vyote vimetoka tumboni mwake, na kwa kuwa amevuliwa sana, baadhi ya furu wameanza kurudi. Lakini katika elimu ya kuchagua nani akae na nani, wale maofisa hawakumzidi kijana wa dukani ila kwa ukubwa wa tangi, ambalo lilikuwa la kilomita za mraba 68,800.

Sasa nifike kwa furu, ambao ndio hasa walionifanya nichukue kalamu. Wavuvi wetu huwatungika ndoanani wakawa chambo cha sangara, na hapo heshima yao huishia. Ng'ambo, wafugaji wa Ulaya na Marekani huwalipia fedha, huwaandalia mawe, na huandika vitabu juu yao. Wataalamu wanasema ziwa hili lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na kwamba tangu maji yaliporudi zimetokea koo mamia za furu, huyu mkwangua ukoga wa mawe, huyu mvunja konokono, huyu mla wadudu, na yuko hata mwenye desturi ya kupora vitoto kutoka kinywani mwa mama yao. Hao wa Mjomba walitoka kwenye majabali ya visiwa vidogo, ndoo moja kila jabali. Dume wa ndoo ya kwanza alikuwa na mgongo mwekundu na mbavu za manjano zilizopigwa mistari myeusi: huyo ni Pundamilia nyererei, aliyeandikwa mwaka 1985 na Waholanzi Els Witte-Maas na Frans Witte kutoka Ghuba ya Mwanza, wakampa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwaka ule ule aliong'atuka. Dume wa ndoo ya pili, wa buluu, ni Pundamilia pundamilia, ambaye katika kumwita Kilatini kilipewa likizo. Majike wa pande zote mbili ni wa kijivu, na kuwatofautisha ni kazi. Mama watoto aliweza kumtambua mmoja tu wa ndoo ya buluu, kwa sababu alikuwa na pengo mkiani.

Madume hao walitufundisha kanuni ya pili, ambayo katika uzani si ndogo kuliko ile ya kinywa. Kinyume cha matarajio yetu, mwekundu na buluu walivumiliana, kila mmoja na pango lake, kwa vitisho vya kawaida vya ujirani. Ghadhabu ya mauti ilizuka pale Mjomba, kwa ukarimu, alipoongeza mwekundu wa pili. Walitafunana mapezi hata ikabidi wa pili ahamishiwe beseni. Furu humwandama zaidi dume mwenye rangi kama yake, kwa kuwa huyo ndiye atakayemnyang'anya mke. Mwenye rangi nyingine hamwoni kuwa ni mtu wa kumshughulisha. Nimeishi katika vyumba vya walimu maisha yangu yote na sikuona haja ya kuelezwa zaidi.

Na jike je? Jike huchagua kwa macho. Ole Seehausen na wenzake, waliofanya utafiti wao hapa katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba katika mwanga wa kawaida jike humwendea dume wa rangi ya kwao, lakini ukimmulikia taa ya rangi ya chungwa, ambayo huifuta tofauti ya mwekundu na buluu, hupoteza uchaguzi wake. Shangazi aliurudia utafiti huo sebuleni kwetu bila ya kibali wala posho. Taa nyeupe ya tangi ilikuwa ikimchoma macho yake yaliyotoka kutibiwa, kwa hiyo alimtuma kijana dukani, ikaletwa balbu ya rangi ya chungwa, na chumba kizima kikawa kimetulia kwa namna ambayo sote tuliisifu. Haukupita muda, jike mwenye pengo mkiani akaonekana akizungukana na dume mwekundu juu ya mchanga. Dume alimtandazia pezi lake la chini, lenye madoa ya manjano yafananayo na mayai. Jike, aliyekwisha kuyaokota mayai yake na kuyatia kinywani, akayadonoa madoa hayo akidhani kuna mengine yaliyomponyoka, na kwa hila hiyo mayai ya kweli yakapata mbegu. Mama watoto akasema ndoa nyingi za mjini hufungwa kwa mwanga wa namna hiyo.

Jike wa furu huatamia kinywani. Kwa muda wa wiki tatu hivi hufumba mdomo, taya likavimba, wala hali kitu cha maana, na hili Shangazi hakuelezwa. Yeye aliona mgonjwa: mashavu yamefura, chakula hakipiti, macho yamelegea, na kwa Mkerewe aliyelelewa vizuri mgonjwa asiyekula hupewa uji. Mchana mmoja, sisi tukiwa hatupo, aliukoroga uji wa ulezi, akautia maziwa, akaupoza kwa uangalifu, akaumimina bakuli zima tangini, tena akakaa karibu kumbembeleza.

Katika tangi lililotulia wamo vijidudu visivyoonekana, ambavyo huibadili amonia itokayo kwenye kinyesi na makombo ikawa nitriti, kisha nitriti ikawa nitrati, ambayo haina haraka ya kudhuru nayo huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji kila wiki. Vijidudu hivyo huchukua majuma kadhaa kuuzoea mzigo wake, na havikuwa vimejiandaa kwa bakuli la uji wa maziwa. Maji yaligeuka tope, vijidudu vya kuozesha vikaongezeka na kuimaliza hewa iliyomo majini, samaki wakapanda juu wakigugumia. Na kwa kuwa mashaka hayapendi kutembea peke yake, umeme ukakatika, pampu ikanyamaza. Nilirudi nikamkuta kijana wetu amepiga magoti kando ya tangi akisukuma hewa kwa pampu ya baiskeli, Shangazi akimhesabia, na jirani mwenye paka akiteka maji ya chini kwa sufuria. Paka alikuwa amekaa mlangoni, anasubiri hatima.

Aliyekufa alikuwa sangara. Hilo nalo lina sababu: sangara hastahimili maji yaliyopungukiwa na hewa, ilhali furu huweza kuvumilia zaidi, na hata ziwani wapo waliosalimika kwa kujibanza mahali ambapo sangara hupumua kwa shida. Shangazi alipoelezwa haya alipokea pongezi kwa utulivu, akasema kwamba ndiyo ilikuwa nia yake tangu mwanzo, akamkaanga marehemu. Mjomba, mwenye kuijua sheria, alipoulizwa kama yafaa kumla sangara wa kiasi kile, alisema sheria inamzungumzia aliyevuliwa, haikusema neno juu ya aliyelelewa.

Ziwa nalo lina uji wake. Mbolea, udongo uliochukuliwa na mvua na maji machafu ya miji vimeyatia maji utusitusi, na penye utusitusi jike haoni rangi. Karibu na kisiwa cha Makobe, katika Ghuba ya Speke, ambako maji ni maangavu, mwekundu na buluu wangali koo mbili zisizoingiliana. Karibu na kisiwa cha Luanso, kusini ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji ni mazito, wamechanganyika. Vitoto vya jike mwenye pengo vilipotemwa vikakua, madume walianza kuchukua rangi, na rangi yenyewe haikuwa nyekundu wala buluu. Shangazi, ambaye ni wa upande wa baba, alishikilia kwamba mtoto ni wa baba na hivyo ni wekundu. Mjomba, kwa sababu zilizo wazi, alisimama na ukoo wa mama. Wakaifikisha kesi kwangu wakati wa chakula, mkekani, nami nikaikimbia kwa kisingizio cha kubadili maji.

Aliye na nia ya kufuga samaki katika mji huu, basi, na aache kuulizia upole. Atwae furu wa majabali wa aina moja, dume mmoja na majike kadhaa, au aina mbili ambazo madume yao hawafanani hata kidogo, na majike yao wanatambulikana. Amwongeze gogogo kama ana chandarua cha akiba. Arundike mawe kwa wingi hata kila mmoja apate mahali pa kutoonekana. Taa iwe nyeupe. Na kifuniko kiwekewe jiwe. Kipasha maji hakihitajiki Mwanza, na cha kwetu kinauzwa.

Limebaki shauri la oska. Ameshakuwa na urefu wa kiganja na vidole vyake, anaishi peke yake katika beseni kubwa la kufulia, anakula kuliko mimi, na Mjomba mara mbili amejitolea kumchukua akamwage Mwaloni "akajitafutie riziki". Nimekataa, na nawasihi wote wenye matangi wakatae kama mimi, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yaliyomleta sangara: asiye na nafasi nyumbani asipelekwe ziwani, awe oska, awe samaki wa dhahabu, awe hata furu aliyezaliwa chini ya taa ya rangi ya chungwa. Oska anatolewa bure. Anayemtaka na apande Isamilo na tangi lake, lisipungue lita 200, wala asije na ndoo.